Kikombe cha Kasisi Malual

Kakuma, 6 Mei 2024

Shangazi Nekesa,

Ejok, salamu nyingi! Kaa chini kwanza, maana barua hii inatoka kwa mhubiri mkali kuliko wote tangu Mungu aumbe midomo. Jana nilihubiri kwa muda wa karibu saa mbili, mbuzi wa jirani wakasimama mlangoni wakasahau kutafuna. Na mimi niliachia shule kidato cha pili! Bado mnaniita mhubiri wa majaribio. Majaribio gani tena?

Miguu yako inaendeleaje? Mimi mzima. Simu ndiyo ilizama kwenye ndoo ya dobi, kwa hiyo barua anakuletea dereva Longor.

Jana niliwachambua majirani. Wale Wapentekoste wa makofi wanabatiza watu kumi na mmoja ndani ya tangi moja. Wa mwisho akizamishwa, maji yameshakuwa chai. Halafu Waanglikana, uwii! Niliingia kwao kuchungulia. Kikombe kimoja kanisa zima! Masharubu ya mzee Gatkuoth yanaogelea humo kwanza, Kasisi Malual anapangusa na kitambaa, mama anayefuata anakunywa. Mwisho kasisi mwenyewe anameza masalio yote, kama dawa. Sisi kila mtu ana kikombe chake kidogo, juisi safi, hakuna mate ya mtu. Nikawaambia waumini: joho la Malual ni neti ya mbu, kikombe chake ni beseni. Walicheka mpaka benchi likavunjika mguu.

Ah, na Nyanya Nyabol wa kanisani kwetu hasimami tena. Anataka Meza ya Bwana kabla hajafa, anauliza unakuja lini. Nimpe mimi? Juisi ipo.

Mtoto wa kaka yako,
Elijah


Lodwar, 9 Mei 2024

Mwanangu Elijah,

Salamu katika Bwana. Miguu imevimba, mchungaji mmoja kwa makanisa saba. Asante kwa kuuliza.

Usiiguse Meza. Mhubiri wa majaribio anahubiri, basi. Mimi nilihubiri miaka sita kabla ya kuwekewa mikono. Sheria hiyo huipendi? Hata mimi siipendi ile inayonihamisha kila nikianza kujua majina ya watoto wa watu. Binti yangu Jelagat amesoma shule nne. Tunatumwa, tunafunga mizigo.

Kesho naenda Kaikor, halafu Kaaleng. Mvua ikikata njia nitakwama huko, na mtandao hakuna. Kwa hiyo sikiza vizuri: ukiona Nyanya amelegea, nenda kwa Kasisi Malual. Ni hatua mia mbili tu. Amewekewa mikono kama mimi, na mkate wake ni mkate. Mwambie nimekutuma. Na kwa sababu ya huo mdomo wako, omba msamaha kwanza.

Nyanya Nyabol ndiye aliyekuuguza surua mama yako akiwa Kitale. Usimwache aende na njaa hiyo.

Shangazi yako


Kakuma, 15 Mei 2024

Shangazi mpendwa,

Hujambo na matope ya huko? Longor ameniahidi barua hii itakufikia.

Usiwe na wasiwasi, Nyanya jana alimaliza bakuli la uji. Lakini huyu mjukuu wake Gatjang hanipi nafasi. Kila asubuhi yuko mlangoni: "Elijah, nyanya anauliza mkate. Amesema hata wa Malual ni sawa."

Nikamwambia, "Kaka, unataka nyanya yako anyweshwe masharubu?"

"Yeye hajali masharubu. Anataka kula na Bwana wake."

Wajua hana ucheshi, huyo. Mimi nikiwaza tu ule ukingo wa kikombe unavyong'aa kwa midomo ya watu, natema mate. Nyanya atakungoja wewe. Nasimamia hapa.

Mtoto wa kaka yako,
Elijah


Kaaleng, 22 Mei 2024

Elijah,

Barua yako imenifikia leo. Mto umejaa, hatuvuki. Sikukuuliza juu ya masharubu. Umeenda kwa Malual au hukuenda? Nijibu neno moja.

Shangazi


Kakuma, 28 Mei 2024

Shangazi,

Natumai umevuka salama. Mimi sijui niseme mzima au la.

Nyanya Nyabol tulimzika Jumamosi. Nilihubiri. Dakika sita. Hakuna mbuzi aliyesimama.

Kasisi Malual alikuja na lile joho jeupe, limejaa vumbi mpaka magotini. Alilia kuliko sisi. Halafu akamuuliza Gatjang, "Mwanangu, mbona hamkuniita? Mwezi mzima sijatoka hapa."

Gatjang akageuka akanitazama. Nilikuwa nimemwambia Kasisi amesafiri.

Baadaye Kasisi akanishika mkono, akasema, "Pole, mhubiri." Anajua niliyoyasema juu yake, kila mtu anajua. Nikanawa mkono huo mara tatu, nao haukuwa na uchafu wowote. Nikiisikia sauti yangu mwenyewe, natapika.

Shangazi, uliniuliza neno moja. Nilienda. Ilikuwa tarehe kumi na nane. Nyanya alikuwa bado anajua majina yetu. Mlango wa Kasisi ulikuwa wazi, nikamwona ameinama anaosha kile kikombe kwa maji ya moto na sabuni, taratibu, kama mtu anayeosha mtoto. Nikajua nikiingia lazima niseme samahani kwanza.

Nikarudi nyumbani bila kubisha hodi.

Elijah wako