Ile Nyota Ndogo Uliyoisema, Abti

Abti,

Assalaamu alaykum. Salamu natoa kwa sababu ni haki yako, lakini ujue naandika nikiwa na hasira. Tulikuzika wiki tatu zilizopita, kabla ya Asr. Leo asubuhi barua imekuja: ulikuwa sahihi. Wiki tatu tu! Astaghfirullah, najua siku ya mtu ikifika imefika. Bado nina hasira.

Barua ni ya wale wataalamu wa nyota wa ng'ambo tuliowatumia picha za darubini ya shule. Unazikumbuka zile nyota mbili zilizobanana, moja kubwa, nyingine hafifu hata jicho linaipita. Mwanga wake kwa pamoja ulikuwa ukishuka na kupanda. Orodha ya wataalamu ilisema inayobadilika ni kubwa, na mimi, mwalimu wa fizikia mwenye digrii, nikaitikia amina. Wewe mlinzi wa geti ukasema, "Kubwa hapana badilika. Ile ndogo ndio nazima."

Nikakucheka. Mbele ya kidato cha tatu! Nikakwambia, "Abti, wewe chunga geti." Kaka wa mama yangu, uliyenibeba mgongoni kutoka Hulugho mwaka ule wa ukame. Wallahi, nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Kwenye picha zetu nyota zote mbili zilikuwa doa moja. Wewe hukutaka picha. Ulisema ngamia wawili wakinywa birika moja, hutajua yupi mgonjwa mpaka uwatenge. Ukaisogeza darubini kidogo kidogo hadi nguzo ya mnara wa simu, kule mbali, ikafunika ile kubwa peke yake. Kila siku baada ya Isha unachungulia. Leo ndogo ipo, kesho kutwa haipo. Ukaziandika siku zake kwa chaki nyuma ya mlango wa kibanda chako. Nikawatumia wale wataalamu tarehe hizo ili tu uniache nisahihishe madaftari, na jina lako sikulitaja.

Na wewe pia! Wezi wa mbuzi ulikuwa unawafokea mpaka mtaa wa pili unaamka. Mimi nilipokucheka ukaniacha tu, ukakaza shuka yako ya macawis kiunoni ukarudi getini. Heshima gani hiyo? Ungenigombeza!

Sasa wamepima kwa darubini kubwa, wamekuta inayobadilika ni ndogo. Pongezi wameniandikia mimi. Jina langu, Abti! Mwalimu mkuu anataka kesho paredi nisimame mbele nipigiwe makofi.

Nimeshawajibu: futeni langu, andikeni lake. Na kesho nitasimama kweli, pale pale nilipokucheka, niwaambie wanafunzi nilikwambia nini na nani alikuwa sahihi. Wanicheke wakitaka.

Allah akurehemu, Abti, akupanulie kaburi lako. Geti wamempa mlinzi mwingine. Ile ndogo nitailinda mimi.

Mpwa wako