Maji ya Kwetu Yamefika Baharini

Dada Mwajuma, shikamoo.

Huku mlangoni mwa mto Wami mimi ni mzima, ila situlii. Juma zima maji ya bahari yalikuwa maangavu, na wanawake wanaovua kamba kwa kutandaza kanga walirudi na vikapu vitupu. "Kamba hawataki maji meupe," alinieleza Bi Zuhura, mwenyeji wangu. "Wanangoja tope la mto." Kila asubuhi aliingia hadi kiunoni, akaonja maji, akatema chumvi, akarudi amenuna.

Leo alionja, hakutema, akaniita. "Njoo uonje na wewe, ndugu wa Kilosa. Si mto wenu huu?" Nikaonja. Chumvi imepungua, na maji ni mekundu kama mto wetu Mkondoa ukifurika. Akina mama wakapiga vigelegele, kanga zikajaa kamba. "Mmetuletea kitoweo," wakaniambia. Nikajibu karibuni, kana kwamba tope hilo nililifunga mwenyewe nikaja nalo.

Lakini dada, tope hilo limetoka kwenye shamba la mtu, na mahindi yetu ya Chanzuru yako ukingoni kabisa. Nimekula kamba sahani mbili, na kila tonge nilitazama mtoni nisije nikaliona bua letu likipita. Nijibu neno moja tu: shamba lipo, au limeshanifuata huku?

Chukua watoto mhamie kwa mjomba kule mlimani mpaka mvua zipungue. Mungu awaweke pakavu nyote.

Mdogo wako,
Hamisi