Ala Isiyo na Ulimi

Jumapili, 2 Juni

Leo nimefungua sanduku la marehemu baba. Miaka kumi na minne limekaa chini ya kitanda, kila asubuhi naligonga kwa kidole cha mguu na kulitukana. Sasa nimestaafu, hii ni wiki ya tatu. Nimeshafagia kila kona, nimepanga vikombe mpaka vyenyewe vimechoka. Nikasema haya, tufungue.

Msharasi wake, ule wa kutobolea ngozi, wenye mpini mweusi. Mpini umebonyea pale alipokuwa akikaza kidole gumba! Kisu cha duara, kutu tupu. Nyundo. Koleo. Bonge la nta gumu kama jiwe. Vumbi la kutosha kupanda mahindi. Nimepiga chafya mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama naumwa.

Miaka thelathini na moja nimeshona mashuka ya hospitali kwa cherehani. Pindo moja, rangi moja, siku zote. Mikono hii haijui kukaa bure.

Jumatano, 5 Juni

Kutwa nzima kunoa. Jiwe, maji, mafuta kidogo. Kisu sasa kinanyoa malaika ya mkono.

Mdogo wangu amepita akitoka kazini. Ni mlinzi kwenye ghala la saruji, bastola kiunoni, tumbo mbele. Amesimama mlangoni — dada, umeanza uchinjaji? Nikamwambia ndiyo, na natafuta aliyenona. Tumecheka.

Kisha akaviona vipande vya ngozi, na macho yakabadilika. Akanionyesha ala yake ya bastola, ile ya kampuni. Turubai, imechanika ubavuni, inamchubua paja. Mlinzi mwenzake, yule wanayemwita Kicheko, anamwambia anatembea kama aliyebeba samaki mfukoni. Nimshonee ya ngozi?

Nilishakubali hata hajamaliza. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka minne, mgongo uliombeba ni wangu huu. Kumnyima kitu sijui. Ni ugonjwa.

Jumamosi, 8 Juni

Amekuja na bastola, ametoa risasi zote na kuzipanga juu ya meza kama karanga. Nimeichora kwenye karatasi kila upande, kisha nikachonga kalibu ya mti yenye umbo lake. Ngozi nimeilowesha maji ya uvuguvugu, nikaivisha kalibu na kuikandamiza kwa mgongo wa kijiko. Kidogo kidogo umbo likatokea. Kama uso unaotoka chini ya shuka.

Vidole vimegeuka rangi ya chai kwa dawa ya ngozi. Sabuni haitoi.

Alhamisi, 13 Juni

Imekwisha! Sindano mbili, uzi mmoja, kila tundu sindano zote zinapita. Baba alinifundisha nikiwa na miaka kumi. Uzi ukikatika mahali pamoja, kwingine hakuna kinachofumuka. Nimeitazama mara ishirini leo. Naona aibu kuandika, lakini ni nzuri. NZURI.

Mdogo wangu kaja na Kicheko. Mrefu, mwembamba, meno yote nje, anacheka kabla hujasema. Mwaka wa sita wanashika zamu pamoja. Mdogo wangu akavaa, akajaribu kuchomoa, akanuna. Tatizo ni ulimi. Baba aliuita hivyo: kile kipande cha ngozi kinachopita juu ya bastola na kubanwa kwa kifungo, isichomoke yenyewe.

— Dada, huu ulimi utaniponza. Mpaka nifungue kifungo, mwizi kashafika kwao anakunywa chai.

Nikamwambia baba hakuwahi kutoa ala isiyo na ulimi. Akasema baba alikuwa akiwashonea watu wa gwaride, wasiochomoa kitu maishani. Kicheko akapiga makofi kwa kucheka.

Nimeukata. Kisu kilipita mara moja tu, hakikusita. Tena nikapaka nta ndani, bastola iteleze vizuri. Hilo hakuniomba, nilifanya mwenyewe. Akajaribu mbele ya kioo — toa, rudisha, toa, rudisha — mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Uso wake! Nilishiba.

Kicheko naye anataka yake. “Ila yangu iwe na maua, dada. Wezi wakiona maua watajua hapa kuna mtu mpole.” Nimemwahidi.

Jumatatu, 17 Juni

Wifi amepiga simu saa nne asubuhi. Analia, sielewi. Risasi. Kazini. Nikakaa chini sakafuni. Nilijua ni mdogo wangu.

Si yeye. Ni Kicheko. Tumboni.

Nikamshukuru Mungu. Nimeandika na ibaki hapa: nilishukuru.

Jumanne, 18 Juni

Jana sikuweza kuandika zaidi.

Ilikuwa hivi. Walikuwa kwenye kibanda cha getini. Kicheko kwenye benchi, anamenya yai. Kifuniko cha chupa ya chai kikaanguka, mdogo wangu akainama kukiokota. Bastola ikateleza kwenye ala. Ikapiga sakafu. Risasi ilikuwa tayari ndani ya mtutu, jambo ambalo amekatazwa mara mia. Mlio mmoja. Anasema Kicheko aliendelea kumenya yai, maganda mawili matatu hivi, ndipo akajitazama.

Nilipofika hospitali nilimkuta mdogo wangu kwenye korido, amejikunyata kama nguo chafu. Askari walikuwa bado hawajaingia. Akavuta kikapu changu, akatumbukiza kitu chini ya kanga. “Kaa nayo, dada.” Nikajua ni ala kabla sijapapasa. Nikakaa nayo.

Wodini waliniruhusu dakika chache, wauguzi wananijua. Kicheko amefumba macho, midomo imekauka. Shuka limemfika kifuani. Nikaliangalia pindo. Uzi wa buluu, mshono wa kurudia pembeni. Wangu. Sikujua niweke wapi mikono.

Alhamisi, 20 Juni

Kicheko amefariki. Jana saa tisa alasiri.

Ijumaa, 21 Juni

Tumezika. Mama yake ni mfupi sana, sijui mtoto mrefu vile alimpata wapi. Alimkumbatia mdogo wangu kiunoni, hakufika juu zaidi. Akamwambia ahsante kwa kumshika mkono mwanangu, hakuwa peke yake. Mdogo wangu akatazama juu ya kichwa chake, mbali, kama anayesoma kibao cha barabarani.

Njiani nikamuuliza, polisi umewaambia nini? Amewaambia alikuwa amevaa ile ya turubai. Kwamba imechanika ubavuni, na bastola ilipita pale pale palipochanika.

— Si kweli.

— Nimeshasema, dada. Siwezi kusema mara mbili.

Akaniambia ile ya ngozi niichome moto.

Jumapili, 23 Juni

Wifi amekuja na habari, uso umechangamka kidogo kwa mara ya kwanza wiki nzima. Wamempata wa kumshika! Mtunza silaha wa kampuni. Mzee, amebakiza miezi minane astaafu. Ni yeye anayewagawia walinzi vifaa, na ameweka sahihi kwamba vyote ni vizima. Yuko mahabusu tangu Ijumaa. Wifi akasema labda sasa mume wangu atalala. Nikamwambia labda. Nikamkatia mkate. Mikono ilikata, mdomo ukasema labda.

Alipoondoka nikawasha jiko. Nikaiweka ala juu ya makaa. Ngozi haiungui kama karatasi. Inajikunja, inatoa jasho, inanuka kama nywele. Jirani akagonga ukuta, unaunguza nini wewe? Nikaitoa kwa koleo la baba. Kona moja imekuwa nyeusi, kwingine nzima.

Nikajaribu kuifumua. Nimekata uzi sehemu tatu. Haifumuki. Kila tundu limeshika lenyewe. Nilishona vizuri mno.

Nimeirudisha kwenye kikapu.

Jumanne, 25 Juni

Hodi saa tano asubuhi. Msichana, labda miaka ishirini na mitano, viatu vimejaa vumbi. Ni binti wa mtunza silaha. Anapita nyumba kwa nyumba.

Nikamkaribisha. Amekaa ukingoni mwa kiti, kama aliyeambiwa asichafue.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Poleni.

— Ahsante. Mama, baba anasema yule mlinzi hakuwa amevaa turubai. Anasema ile ya turubai ilikuwa imening'inia kwenye msumari stoo siku nne nzima. Lakini wanamwambia ameitundika mwenyewe baadaye, afiche. Anasema mlinzi alikuwa na ya ngozi. Rangi ya chai.

Nikakunja kona ya kanga mapajani.

— Anasema ilikuwa nzuri, mama. Aliisifia mwenyewe. Hakumkataza, na hilo anakubali ni kosa lake. Nauliza tu, hapa mtaani kuna mtu anashona ngozi?

Nimesema sijui.

Nimesema SIJUI. Mikono yangu iko mapajani, vidole vyote kumi rangi ya chai. Ameviangalia. Hakuviangalia kwa haraka. Kisha akaomba maji, akanywa kwa kusimama, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. Ahsante mama. Akaenda nyumba inayofuata, nikamsikia anapiga hodi.

Hakunifokea! Angefoka ningemfukuza, tungekuwa tumemalizana.

Jumatano, 26 Juni

Nimemwita mdogo wangu. Nimemwambia sijaichoma. Na kwamba mzee wa watu analala kwenye sakafu ya saruji.

Alitembea chumba kizima, kutoka ukuta mpaka ukuta. Atatoka, dada, hawana ushahidi. Baadaye: ana miaka sitini karibu, mimi nina watoto watatu. Baadaye akasimama.

— Aliyekata ulimi ni wewe. Nikienda, tunaenda wawili.

Ni kweli. Nilikuwa nimeshalifikiria. Lakini kulisikia kwa sauti yake, sauti ile ile niliyoifundisha kuhesabu… Nikamwambia, basi twende wawili.

Ndipo akalia. Akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani pangu, kizito kama zamani akiwa na homa. Nywele zimeanza mvi nyuma ya sikio. Sikujua. Anasema anasikia yai likimenywa. Akiwa bafuni, akiwa njiani, anasikia maganda. Anasema hakukusudia. Najua hakukusudia. Nani aliyekusudia? Mimi nilikusudia afurahi.

Nikampapasa kichwa. Sikumwahidi kitu. Amekwenda akiamini nimemwahidi.

Alhamisi, 27 Juni

Niko kituoni. Naandika ili mkono upate kazi. Benchi la mbao kwenye korido, mlango wa mpelelezi umefungwa, wameniambia nisubiri, ana mtu. Mfuko uko mapajani. Ndani kuna ala, kuna kalibu ya mti, na ule ulimi niliokuta chini ya meza asubuhi nikifagia.

Binti wa mtunza silaha yuko hapa. Kwenye benchi hili hili, ana bakuli la chakula la kumpelekea baba yake, wamemwambia asubiri pia. Aliponiona hakuuliza nimefuata nini. Alisogea kidogo, nipate nafasi.

Nitasema. Naandika tena. Nitasema ulimi niliukata mimi, kwa kisu changu, na nta ya ndani niliipaka mimi. Nitaanza na hilo. Nikianza na jina lake sitamaliza.

Saa nne na robo. Mpelelezi bado.

Mdogo wangu ameingia. Lazima wifi ameniona nikipita na mfuko. Sare ya kazi, hana mkanda, viatu hajafunga. Amepita meza ya mapokezi bila kuulizwa, wanamjua. Amekaa katikati yetu, mimi huku, binti kule. Hamjui. Amemsalimia! Habari za asubuhi, dada. Naye kaitika, nzuri kaka, kwa heshima.

Ananinong'oneza, twende nyumbani, tuongee. Twende tu kwanza. Ameshika mshikio mmoja wa mfuko, mimi nimeshika mwingine. Havuti. Nami sivuti. Naandika kwa mkono mmoja, daftari linateleza gotini.

Mlango wa mpelelezi umefunguka. Mtu anatoka, anafunga kifungo cha shati. Ndani mpelelezi anaongea na simu, ametuonyesha kidole, tungoje kidogo.

Binti amemgeukia mdogo wangu. Anamuuliza kwa upole, kama wanavyoulizana watu kwenye benchi la hospitali, na wewe kaka, una mtu wako humu ndani?

Mdogo wangu amenigeukia. Ananitazama mimi, nimjibie.