Mama, Wamekufuta Chale

Mama,

Shikamoo. Huko uliko natumaini hakuna wenye nyumba.

Wamekutundika ukutani. Picha kubwa ya rangi, ofisi ya tawi la chama pale Msimbazi, na chini wameandika: Diwani wetu, mtetezi wa wanyonge. Siku ya kuizindua nilijifunga khanga yako. Wakavuta kitambaa, watu wakapiga makofi, nami nikamtafuta mama yangu pale ukutani nisimwone. Mama, wamekufuta chale! Mashavu laini kama yai, paji halina alama, hata tundu la ndonya mdomoni wameliziba.

Nikamuuliza mwenyekiti. Akanijibu kwa upole wa mtu aliyeshiba: "Binti, sasa sote ni Watanzania. Mambo ya makabila yamekwisha."

Yamekwisha! Lini? Ulipozunguka Kariakoo nzima umenishika mkono, kila mwenye nyumba akikutazama usoni na kusema chumba kimeshapata mtu, na sisi tunakiona kiko wazi? Walipokunyima kizimba sokoni, eti wateja watamwogopa Mmakonde? Ukauza mihogo yako chini, juani, mpaka ukawakusanya wenzako wote wa kusini mkakaa pale mlangoni, hapiti mtu. Ndipo wakakupa kizimba. Ndipo wakalijua jina lako. Na huyu mwenyekiti, Mama, ndiye aliyekuwa akigeuza uso ukipita. Leo anakulilia gazetini, anakuita "mama mpole". Wewe, mpole! Nilicheka mpaka nikalia.

Mimi hukunichanja. Bibi alinuna, ukamwambia, "Huyu atapanga chumba bila kutazamwa mara mbili." Kweli, nimepanga. Hawanijui kwa uso. Ndiyo maana siku ile dada mmoja aliyesimama karibu nami alininong'oneza, "Afadhali wamemsafisha." Kusafisha! Kwani ulikuwa mchafu? Nikaikaza khanga yako kiunoni, nikatoka nje.

Nimekwenda kwa mchoraji, yule wa mabango ya maduka. Maskini, kosa si lake. "Nilizichora zote," aliniambia, "wakanirudishia nizifute." Akaniwekea mkononi kopo la rangi na brashi, akaendelea na kazi yake.

Jumamosi ni zamu yangu ya kudeki ofisi ya tawi. Nitaingia na ndoo, na kopo litakuwa ndani ya ndoo. Sihitaji picha ya kunakili. Nilipokuwa mdogo nikilia kwa homa, ulikishika kidole changu ukakitembeza juu ya chale zako, moja moja, mpaka ninyamaze. Nazijua zote.

Najua watanifukuza kwenye chama. Wanifukuze. Lakini kwanza watanisikia nikisema huyu ni mama yangu, na hivi ndivyo alivyokuwa. Wakizifuta tena, nitazirudisha tena.

Lala salama, Mama yangu mkali. Nitaanzia shavu la kushoto, kama zamani.

Mwanao.