Gari Tulilolisomea Fatiha

Darsait, Maskati

Dada yangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Goti linaendeleaje? Na mama, kifua kimemwachia? Mimi afya ninayo, alhamdulillah, ila moyoni kuna moto na sina wa kumwambia ila wewe.

Unalikumbuka lile gari jekundu la zamani nililokutumia picha, injini iko katikati, nyuma ya viti? Kampuni mbili za Ujerumani zililibuni pamoja, moja kubwa, moja ndogo. Wakubwa wao walipatana kwa mdomo tu. Mmoja akafa, aliyeshika nafasi yake akasema hajui mapatano yoyote. Marehemu Bwana Nassor, fundi injini jirani yangu, alikuwa akinihadithia huku anacheka: "Sisi Waislamu bwana, mapatano yetu tutayasomea Fatiha." Tukasoma. Yeye injini, mimi bodi, gari letu sote, haliuzwi. Mabati yalikuwa yameoza, dada. Nikayakata na kuyaunga moja moja mpaka likasimama.

Alipofariki, mwanawe Khalfan, anayefanya kazi ofisini huko Al Khuwair, akalichukua. Nikamkumbusha. "Fundi, Fatiha haina mhuri," akanijibu. Akalipeleka bandarini Mutrah kulionyesha, anawaambia watalii kalitengeneza baba yake peke yake. Nami nimesimama pale pale! Akanitupia kitambaa nifute vumbi.

Nikafuta. Nikasema moyoni, Mungu si Athumani.

Juzi kaja gereji, kanzu nyeupe pe, anazunguka kuomba radhi kama wafanyavyo wanaokwenda Hija.

"Fundi, nisamehe nnalolijua na nisilolijua."

"Usilolijua nimekusamehe. Unalolijua, bado."

Akacheka. Mimi sikucheka.

"Wallahi, ntaendaje Makka na haki ya mtu?"

"Nenda nayo. Zunguka nayo Kaaba."

Akasema nusu yangu ya gari atanipa akirudi. Nikamwambia, "Basi na radhi utaichukua ukirudi." Akakaa kitako juu ya tairi, kanzu ikashika grisi. Niliona utamu, dada, Mola anisitiri.

Najua utanihubiria. Hubiri tu. Nisalimie shemeji, mwalimu wetu wa madrasa, na mjomba Kombo, mshonaji, mwambie kofia aliyonishonea nimeipata.

Ila mama usimwambie kitu mpaka ndege ya Khalfan iwe imeruka. Akinipigia simu akasema, "Mwanangu, samehe," sina ubavu wa kumkatalia.

Wasalaam, mdogo wako akupendaye,
Mbaraka