Nirudishie Kidole Changu

Dada yangu,

Sweta uliyonifumia imefika. Mikono yake imenizidi urefu, nami naikunja bila kinyongo.

Uliuliza mbona wodi yetu inasemwa. Tunaijaribu dawa mpya ya moyo: nusu ya wagonjwa humeza dawa yenyewe, nusu humeza vidonge vitupu, na kila mmoja huridhia kwa kutia alama ya kidole gumba kwenye fomu. Juzi nilimwomba bibi mmoja, fundi cherehani, anieleze alichokubali.

“Nimekubali kupona,” akasema. “Kwani kuna anayekataa?”

Nilipomfafanulia habari ya vidonge vitupu, alininyooshea mkono. “Daktari, nirudishie kidole changu.”

Nikampa fomu yake, akaichana mwenyewe. Tangu hapo nimekataa kuandikisha mgonjwa mwingine mpaka wote waelezwe upya. Mkuu wetu anasema nachelewesha dawa itakayookoa maelfu. Huenda ni kweli, na huenda nimekosea. Ila kupona si chambo cha kumtegea mtu.

Najua utasema nifunike kombe mwanaharamu apite. Dada, amepita mara ngapi? Sasa hata hodi hapigi.

Kesho natakiwa kutia sahihi barua ya kuomba radhi, la sivyo niache kazi. Bibi amekwenda zake na kidole chake. Vyangu kumi ninavyo bado, na kesho nitaingia ofisini kwa mkuu nimevaa sweta yako, mikono sijaikunja, vidole vyote vimo ndani.

Mdogo wako asiyesikia