Sanamu ya Mama Ndani ya Buti la Gari

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana tangu Jumapili iliyopita sijui niuweke wapi uso wangu, na mume wangu Quim ananiambia nisahau, lakini yeye hakuchekwa na mtaa mzima. Mama yangu, Consol, ana miaka sabini na tisa, anaishi peke yake hapa L'Ampolla, na msimu huu wa baridi ameacha gesi wazi mara mbili, mara ya pili jirani ndiye aliyesikia harufu, na mimi nafanya kazi ya zamu katika duka la dawa, kaka yangu Bernat yuko Valencia na ana mambo yake, basi tukaongea kwenye simu tukaamua kumtafutia nafasi katika nyumba ya wazee kulekule Valencia, nyumba nzuri, ina bustani, ila tukaona tukimwambia mapema atalia na kukataa, kwa hiyo tukamwambia tunakwenda kutembea, familia nzima, kuona sherehe za Mtakatifu Yosefu, halafu jioni tungepita pale kama wa kusalimia tu, na tungemwacha. Najua unavyonifikiria.

Nyumba hiyo inataka kila nguo iwe na jina la mwenyewe ili isipotee kwenye kufua, nami nikaagiza vitambaa vidogo vyenye jina la mama, nikawa navishona kidogo kidogo kila nilipokwenda kumsaidia usafi, kwenye magauni, soksi, sidiria, nikiamini haoni.

Tukaondoka asubuhi, mama kakaa mbele na lulu zake shingoni, akataka tupite barabara ya zamani ya pwani, si ile kubwa, akaimba na binti yangu Aina mpaka Peñíscola, tukashuka kunywa kahawa, akalipia yeye, na mimi na Quim hatukuweza hata kutazamana. Kufika Benicàssim akaniuliza, "Neus, mbona kimya? Utadhani unampeleka mtu kaburini!" Nikasema ni kichwa tu kinauma, Mshauri.

Valencia tulisikiliza fataki za saa nane mchana, na masikio yangali yanavuma mama akasema twende mtaa aliozaliwa tukaone sanamu zao, na wewe unajua zilivyo, kila mtaa husimamisha zake za karatasi na mbao za kuwakejeli watu, kisha siku ya mwisho huchomwa moto, na mimi maisha yangu yote nimewacheka mawaziri na maaskofu waliotengenezwa pale. Watu walikuwa wamejaa, wanashika mbavu kwa kicheko. Aina ndiye aliyeona kwanza.

"Mama, huyu si bibi?"

Alikuwa bibi! Kafinyangwa kimo chake kamili, kajazwa ndani ya buti la gari jekundu kama letu, miguu inaning'inia nje, lulu shingoni, na kila nguo mpaka soksi ina kitambaa cha jina, na nyuma yake mwanamke mwenye miwani ya jua na koti la njano anasukuma kifuniko kwa nguvu kifunge, na kibao kinasema: "Safari njema, mama! Tutakuja Krismasi." Na koti hilo nilikuwa nimelivaa. Mshauri, nilikuwa nimelivaa!

Mtu akapiga kelele, "Jamani, mwenyewe huyu hapa!" Hapo akatoka Empar, rafiki wa mama tangu utotoni, ndiye mkuu wa kamati ya mtaa inayotengeneza sanamu, aproni kiunoni, akamkumbatia mama.

"Karibu nyumbani, Consol. Chumba chako tayari, hata shuka nimetandika."

Mama akanigeukia, wala hakupaza sauti. "Vile vitambaa nilivikuta Januari. Nikasema mwanangu ataniambia kesho. Nimengoja mpaka leo, Neus." Akaenda garini akalitoa mwenyewe sanduku la nguo zake tulilokuwa tumelificha nyuma.

Alhamisi sanamu ilichomwa, na Empar akanitumia picha, mama anapiga makofi mbele ya moto. Simu zangu hapokei. Bernat anataka kwenda polisi wamtoe mama kwa Empar, na anataka daktari aandike kwamba mama amerukwa na akili, na ile nyumba inatushikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Nimlazimishe kwa usalama wake, au mama nimeshampoteza?

Neus, L'Ampolla

*

Neus, nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikasikitika. Pole. Kuaibishwa mbele ya mtoto wako kunauma, na mama yako angeweza kukuita jikoni akakusema mkiwa wawili tu. Kile kibao kilizidi.

Lakini dada, ulitaka afanye nini? Unamshonea mtu mzima jina kwenye sidiria, ndani ya nyumba yake, halafu unadhani haoni! Umelalamikia koti, umelalamikia kicheko, na sijaona hata mstari mmoja unaosema ulimuuliza. Gesi ni hatari kweli, hapo niko upande wako, ila jiko la umeme lipo madukani. Na mtu aliyegundua siri, akanyamaza miezi miwili, akajitafutia chumba, akawachagulia hata barabara ya kupita, akili zake zinatushinda wewe na mimi. Mwambie Bernat aachane na polisi, asije mwakani akatengenezewa sanamu yeye.

Sasa sikiliza. Leo hii piga simu kwenye ile nyumba, nafasi wapewe wengine, maana ukiendelea kuishikilia mama yako ataisoma usoni pako. Jumamosi panda treni peke yako, bila Quim, bila kaka yako. Bisha mlango kwa Empar. Omba radhi kwa uongo wako, na habari ya sanamu usiitaje kabisa. Kisha muulize anataka kuishi wapi, na unyamaze mpaka amalize kujibu. Atakapotaja, iwe L'Ampolla au hapohapo, msaidie kuhamia.

Asipofungua, kaa ngazini. Ana miaka sabini na tisa, Neus. Treni ya jioni iache iende.